Nafasi Kumi na Moja Katika Historia ya Numerius Vibidius Tappo

Wazee wa Tarvinium, majirani, wanafunzi wa marehemu, ndugu na jamaa.

Habari za kuzaliwa kwa marehemu zilisimuliwa mara ya kwanza na shangazi yake, Vibidia Galla, siku ya kuwalisha wafu ya mwezi wa Februari, mwaka 775 tangu Jiji la Roma lijengwe, alasiri, mbele ya kaburi la babu nje ya Lango la Maji, nami nikiwa na umri wa miaka kumi, na kwa kuwa siku ile hakuna aliyempinga, ingawa walikuwapo watu wa ukoo wetu ambao hupinga kila kitu, nimezichukua kuwa za kweli. Habari za kesi ya mwaka 777 zilisimuliwa mara ya kwanza na Trofimo, aliyekuwa mtumwa wa nyumba yetu na sasa ni mtu huru, siku tisa baada ya kesi hiyo, jikoni kwetu, akilia. Mengine karibu yote aliyaandika marehemu kwa mkono wake kwenye karatasi hii ninayoishika.

Mimi ninayesoma ni Decimus Vibidius Tappo, mtoto wa kaka yake, marehemu alikuwa baba yangu mdogo, na mnaonifahamu mnajua kwamba niliishia kwa mwalimu wa sarufi, sikufika kwa mwalimu wa ufasaha, kwa hiyo msitegemee hotuba, nitasoma tarehe, mahali na majina, na pale ambapo mtu alisema neno likakumbukwa nitalisema kama lilivyosemwa.

Kabla sijaanza kuna mambo mawili. La kwanza, mmeziona nyuso za nta za mababu zilizoketi hapa mbele kwenye viti vya pembe za ndovu, zimevaliwa na watu hai kama ilivyo desturi, nanyi mmezihesabu, nimewaona mkihesabu, ukoo wetu una nyuso sita na leo wameketi saba. La pili, katika karatasi hii marehemu ameacha nafasi tupu kumi na moja, kila moja upana wa vidole vinne, mahali palipostahili jina la mtu mmoja, jina ambalo kwa amri ya mwaka 777 lilichongwa likatoka kwenye jiwe la chemchemi yetu, likakatazwa kusemwa, kuandikwa na kupewa mtoto, na uso wa mwenye jina hilo ukakatazwa kubebwa kwenye mazishi ya mtu yeyote. Makaisari watatu wamekufa tangu siku hiyo na amri haijafutwa.

Jana asubuhi mmoja wa mahakimu wetu wawili, Marcus Plotienus, ambaye amemwoa dada yangu, alikuja nyumbani akasimama ukumbini karibu na maiti, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, kesho soma yote, ruka kitu kimoja tu."

Nikamuuliza, "Kitu gani?"

"Unakijua."

"Kitaje, nisije nikakosea."

Akautazama mlango. "Shemeji, usinifanyie hivyo."

"Basi hata wewe huwezi kuniambia ni nini nisichopaswa kusema."

"Na ule uso wa saba ubaki kabatini."

Nikamwambia kwamba kabati halina mlango tena, na mimi huwa sisemi uongo, nilikuwa nimeung'oa asubuhi ile.

Akanieleza basi kwamba baraza lilikuwa limekubali kumpa marehemu mahali pa kaburi kando ya barabara kuu, hatua ishirini kutoka Lango la Maji, pamoja na jiwe, na kwamba jina likisomwa mahali hapo patachukuliwa, na jina langu litafutwa kwenye orodha ya wajumbe wa baraza ifikapo Januari. Nikamjibu kwamba shamba letu la maharage lina udongo mzuri. Kwa hiyo kila aliyesimama hapa ajue ni nini kinachosubiriwa, na anayeona ni salama zaidi kuondoka mapema aondoke sasa, hatutamhesabia vibaya. Nitakapofika kwenye nafasi hizo nitasema "rafiki yake", mpaka wakati wake utakapofika.

Marehemu alizaliwa siku ya tatu kabla ya mwezi wa Aprili kuanza, mwaka 742, hapa Tarvinium, nyumba ya tatu kutoka Lango la Maji, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa Publius Vibidius Tappo na Atinia, na alipolazwa sakafuni ili baba yake amwinue na kumkubali, alilia kwa muda mrefu na kwa sauti kubwa hata mashahidi wakazungumza kwa ishara, baba yake akasema, "Mwacheni alie, huyu atakula kwa mdomo wake," kisha akamwinua. Siku ya tisa alipewa jina Numerius.

Kuhusu elimu, alianza mwaka 749 kwa mwalimu aliyefundishia chini ya turubai kwenye kona ya soko, akaendelea kwa mwalimu wa sarufi mwaka 754, akavaa joho la utu uzima mwaka 758, na mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, alipelekwa Roma kwa mwalimu wa ufasaha kutoka Rhodes, akakaa huko miaka mitano. Huko ndiko alikofahamiana na rafiki yake, na ni jambo la kuchekesha kwamba rafiki huyo alikuwa mtoto wa mashamba ya juu ya mji wetu huu huu, hatua elfu nne tu kutoka hapa, lakini ilibidi wote wawili waende Roma ndipo wasalimiane. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, asiyejua kabisa kupamba neno, na mwalimu alikuwa amekwisha kumkatia tamaa.

"Tappo," alimwambia marehemu siku moja mezani, wenzao wakisikia, "hivi ukiomba chumvi ni lazima uanze na kujengwa kwa Jiji?"

"Wewe ukiomba chumvi watu wanadhani unaanzisha ugomvi," marehemu akamjibu.

"Lakini napewa."

Marehemu ameandika kwamba katika miaka mitano ya masomo hilo ndilo somo alilochelewa kulielewa kuliko yote.

Mwaka 764 alirudi nyumbani, akaanza kuwatetea watu mahakamani, hapa na katika miji ya jirani, na mwaka 769 akafungua shule yake ya ufasaha katika chumba cha juu ya duka la mafuta, shule iliyodumu miaka thelathini na minane, na mwaka 774 alichaguliwa kuwa mmoja wa mahakimu wawili wa mji, akatumikia mwaka wake wote bila kulalamikiwa.

Alifunga ndoa mwaka 766, siku ya sita kabla ya Julai kuanza, na Caesia Proba wa Hispellum, wakaishi pamoja miaka thelathini na mitatu mpaka mama huyo alipofariki mwaka 799, na katika muda wote huo, kwa maelezo ya marehemu mwenyewe, mke wake alimsifu mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa ni kwa sababu ya kunyamaza.

Mtoto wao wa kwanza alikuwa wa kiume, alizaliwa siku ya kumi kabla ya Machi kuanza, mwaka 768, akafariki akiwa na siku nane, na kwa kuwa sisi watoto wa kiume tunawapa majina siku ya tisa, alizikwa bila jina chini ya ukingo wa paa, upande wa bustani. Watu wengi walikuja na maneno ya faraja, maneno mazuri, mengine marehemu ndiye aliyewafundisha, naye akayasikia yakirudishwa kwake kama vyombo vilivyoazimwa. Rafiki yake alikuja na kikapu cha mayai, akaketi chini kwenye udongo karibu naye, akanyamaza alasiri nzima, kisha wakati wa kuondoka akauliza swali moja, "Ungemwita nani?" Marehemu akamwambia. Mbali na mama wa mtoto, jina hilo lilijulikana na mtu huyo peke yake, akafa nalo.

Mtoto wa pili, Vibidia Procula, alizaliwa mwaka 770, mwezi wa Septemba, naye yupo hapa.

Sasa nafika mwaka 777. Mwaka ule mabomba ya maji ya mji wetu yalikuwa yamepasuka, akina mama walikuwa wakiteka maji mtoni, na barazani likaletwa pendekezo kwamba madini ya risasi na shaba yaliyokusanywa kwa ajili ya mabomba mapya yatumike kusimamisha sanamu ya Kaisari wa wakati ule. Rafiki yake, aliyekuwa msimamizi wa maji, alisimama akasema maneno sita, nimeyahesabu, "Kaisari hana kiu, sisi tuna kiu," akaketi. Mabomba yakawekwa, na ndiyo hayo mnayonywea mpaka leo, lakini kuna mtu aliyeandika barua kwenda Roma, na mwezi wa Julai akaja mjumbe wa kusikiliza mashtaka ya kumtukana Kaisari, mjumbe ambaye jina lake silitaji, si kwa sababu limekatazwa, ni kwa sababu sina haja nalo.

Marehemu alikubali kumtetea, na hakuna aliyekuwa mfasaha kumzidi kutoka hapa hadi mlimani. Lakini siku zile ilikuwa desturi, na mnajua bado ipo, kwamba mtetezi anayejiheshimu haendi mahakamani bila watu wa kumshangilia, na marehemu alimwagiza Trofimo awatafute. Wengine husema walikuwa mia moja, si kweli, walikuwa arobaini na mmoja, nimeiona orodha, na waliahidiwa chakula cha jioni, nguruwe na maharage.

"Bwana," Trofimo alimwambia, "vijana wangu hawajui hotuba. Watajuaje pa kushangilia?"

"Nikitupa pembe ya joho juu ya bega," marehemu akasema, "simameni mpige makofi."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Na msichelewe. Makofi yakichelewa ni kama kucheka utani wa jana."

Kesi ilisikilizwa siku ya nne kabla ya Agosti kuanza, katika ukumbi wa nguzo ulio nyuma yangu, joto lilikuwa kali, mtetezi alipewa vyombo viwili vya maji vya kupimia muda, na katika chombo cha kwanza marehemu alisema vizuri kuliko alivyowahi kusema maishani, alitupa pembe ya joho mara tatu na makofi yakaja mara tatu kwa wakati wake. Chombo cha pili kilipofika nusu ilimbidi ausome mstari wa mashtaka wenyewe ili aujibu. Akausoma kwa sauti, "Kaisari hana kiu, sisi tuna kiu." Jasho lilikuwa limemlowanisha, joho likateleza begani, akalirudisha.

Watu arobaini na mmoja wakasimama wakapiga makofi. Trofimo anasema vijana walikuwa wamechoka na njaa imewabana, wakapiga kwa nguvu zao zote, na wananchi waliojazana milangoni, waliokuwa wamekunywa maji ya mabomba asubuhi ile, wakasikia makofi wakaona ruhusa imepatikana, nao wakapiga, mpaka nje uwanjani.

Mjumbe alingoja makofi yaishe. Kisha akamwambia mwandishi wake, "Andika kwamba mji una maoni yake."

Hapo ndipo nataka msikilize vizuri, kwa sababu watu wa mji huu wamecheka habari ya joho kwa miaka thelathini na moja, na hata leo mwigizaji tuliyempa kazi ya kutembea mbele ya jeneza akimwiga marehemu amelivuta joho lake begani mkacheka, nami nimecheka, marehemu mwenyewe angecheka, lakini yeye hakuwahi kujilaumu kwa ajili ya joho. Alijilaumu kwa ajili ya maji. Chombo cha pili kilikuwa nusu, muda ulikuwepo, angeweza kueleza kosa la wale watu, angeweza kusema kwamba maneno yale sita ni ya kweli na kwamba mji mzima umethibitisha, angeweza kusema lolote. Alimtazama mjumbe, akaketi. Maji yaliyobaki yakadondoka mbele ya watu wote, na hakuna aliyesema neno mpaka yalipokwisha.

Hukumu ilikuwa kwamba rafiki yake afe kwa mkono wake mwenyewe ndani ya siku tatu, na jina lake lifutwe. Siku ya pili alimwalika marehemu kula chakula cha mchana bustanini kwake, na Trofimo ndiye aliyemimina divai.

"Ulisema vizuri," rafiki yake akaanza. "Nilipokuwa nakusikiliza nilisahau kabisa kwamba kichwa kinachozungumziwa ni changu."

Marehemu akakisogeza kikombe chake pembeni.

"Na wale watu wako wa makofi, uliwalisha?"

"Usinitanie leo."

"Nikutanie lini? Nina mpaka kesho." Akamsogezea sahani ya mayai. "Kula. Niambie, maji yalibaki nusu, kwa nini uliketi?"

Trofimo anasema marehemu alianza kujibu mara mbili, kwa maneno marefu, na mara zote mbili akaacha. Kisha akasema, "Niliogopa."

"Haya," rafiki yake akasema. "Tangu nikufahamu hujawahi kusema sentensi nzuri kama hiyo. Nusu ile iweke. Utaitumia."

Alifariki kesho yake, siku ya pili kabla ya Agosti kuanza, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita. Mke wake alikuwa amekwisha kutangulia, na alimwacha binti mmoja wa miaka minne.

Mtoto yule alikuwa apelekwe uhamishoni kisiwani. Mjumbe akasema yuko tayari kumwacha kwa marehemu kwa masharti mawili, mtoto asiitwe tena kwa jina la baba yake, ambalo kwa desturi yetu ndilo jina la binti, na marehemu aape mbele ya madhabahu kwamba hatalisema wala kuliandika jina la rafiki yake. Na kwa kuwa marehemu alisifika kwa maneno, mjumbe alimwachia atunge kiapo mwenyewe, na hapo, kama mtakavyoona, ndipo mjumbe alipokosea. Marehemu aliapa hivi, nakala ninayo, "Sitalisema wala kuliandika maadamu pumzi yangu inaingia na kutoka." Mjumbe akaona kinatosha, akakipiga muhuri, akapanda farasi.

Mtoto yule alilelewa nyumbani kwetu na akaitwa Tertia, yaani wa tatu, kwa sababu marehemu hakuacha kumhesabu yule wa siku nane, kisha Procula, kisha yeye. Uso wa nta wa baba yake, uliochukuliwa siku ile ile ya kifo, ulifichwa kabatini kwetu nyuma ya uso wa babu, na babu alikuwa na kichwa kikubwa, kwa hiyo hakuna aliyeuona.

Kwa miaka thelathini na moja marehemu alikitunza kiapo chake bila kukosea hata mara moja, hata alipougua homa ya mwaka 791 na kuweweseka siku nne, Tertia aliyekaa naye anasema alilia, aliita, lakini hakutaja. Kuna watu katika mji huu waliosema kwamba alimsahau rafiki yake ili apate kuishi kwa raha, baadhi yao wamesimama hapa, na leo nawaambia kwamba hawakujua walichokuwa wakikitazama. Mtu mfasaha kuliko wote alichagua kuwa bubu kwa neno moja, kila siku, ili mtoto wa mwenzake akue, na kama huo si wema basi sijui neno hilo tulilihifadhia nani.

Shuleni kwake hapakupigwa makofi tena. Kila mwanafunzi aliyesimama kusema alipewa nusu ya chombo cha maji, si zaidi, na aliyemaliza kabla ya maji kuisha bila kuwa amesema alichokuja kusema alirudishwa kuanza upya. Wanafunzi wake wanakumbuka maneno yake mengi, nimekusanya machache tu ambayo watu wawili au zaidi wameyathibitisha. Alisema wema ni vazi la ndani, hakuna anayeliona, lakini usipolivaa baridi utaisikia wewe. Alisema rafiki si yule anayekusifu ulipoweza, wala anayekusamehe uliposhindwa, ni yule anayekuuliza kwa nini, kisha akakusogezea chakula. Mwanafunzi mmoja, ambaye sasa ni wakili katika mji wa Ancona, alipomwuliza kama haogopi kufa, alimjibu, "Kufa si habari, kijana. Habari ni nani atakutaja, na atakutaja mbele ya nani."

Marehemu alianza kuugua mwezi wa Novemba mwaka jana, miguu ilivimba, kisha tumbo, na kuanzia Februari hakuweza kulala chali kwa kukosa pumzi, akawa anakaa mchana na usiku kwenye kiti karibu na bustani, akiutazama ukingo wa paa. Katikati ya mwezi wa Machi aliniita akanipa karatasi hii.

"Decimus, unaweza kusoma bila kupamba?"

"Sijui kupamba, baba mdogo."

"Ndiyo maana nakupa wewe." Akanionyesha nafasi tupu, moja moja, kwa kidole. "Hizi unazijua."

Nikamwambia kwamba nazijua, nilikuwa na miaka kumi na miwili wakati ule, lakini nikasema pia kwamba jambo hili litamgusa Tertia kuliko sisi wote, amri ingali hai, na yeye ana mume na watoto wawili. Tertia alikuwa anaupoza uji wake pale pale.

"Kaka Decimus," akasema bila kuinua kichwa, "nimeitwa kwa hesabu miaka thelathini na moja. Soma."

"Fikiri vizuri, mwanangu," marehemu akamwambia.

"Baba, meza uji."

Alifariki siku ya tano kabla ya mwezi wa Mei kuanza, mwaka huu 808, saa tatu asubuhi, kwenye kiti kile, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Procula, kama inavyompasa mtoto, aliipokea pumzi ya mwisho kwa midomo yake, akangoja, akainua kichwa, akasema, "Imetoka, na haijarudi." Tukamwita kwa jina mara tatu, hakuitika. Nikaiandika saa.

Familia inamshukuru tabibu Kriton, aliyekuja kila siku ya tatu hata mvua ikinyesha, na ambaye hakutudanganya. Tunawashukuru majirani wa Lango la Maji kwa kuni, kwa mikate na kwa kututunzia mbwa, tunamshukuru mama Rasinia aliyeosha maiti na kuipaka mafuta, tunawashukuru walimu wenzake na wanafunzi wake waliobeba jeneza, na tunawashukuru mahakimu wa mji kwa mahali pale kando ya barabara, ambapo hatutapahitaji. Namshukuru shemeji yangu Marcus Plotienus kwa kunionya, alinionya kwa upendo, na nimemsikia.

Chombo cha maji kilichowekwa hapa miguuni pangu kilijazwa nusu nilipoanza kusoma habari ya kuzaliwa, kama marehemu alivyoagiza, na nikitazama naona bado yamo ya kutosha. Kiapo kilidumu maadamu pumzi yake iliingia na kutoka. Imetoka siku ya tano kabla ya Mei, saa tatu asubuhi, mashahidi ni wanne. Mimi sikuapa.

Aliyevaa uso wa saba si mwigizaji, ni Trofimo, ana miaka sabini na tisa, magoti yake yanamuuma na ameketi wima tangu asubuhi, aliomba mwenyewe. Nina ombi moja tu kwenu. Nitakapolitaja, msipige makofi.

Nafasi zote kumi na moja ni za jina moja. Aulus Tettienus Lanatus, mwana wa Aulus, msimamizi wa maji wa Tarvinium, alizaliwa mashamba ya juu mwaka 741, alifariki mwaka 777, alisema Kaisari hana kiu, sisi tuna kiu, na alisema kweli.

Numerius Vibidius Tappo, udongo wa shamba letu uwe mwepesi juu yako, na wewe Aulus, popote walipokutupa, uwe mwepesi juu yako pia.

Kati ya wale arobaini na mmoja wa makofi hakuna aliyebaki. Mjumbe amekufa, mwandishi wake amekufa, na aliyeandika barua amekufa. Trofimo yu hai. Vibidia Procula yu hai. Mimi ninayesoma ni hai. Na Tettiena, binti wa Aulus Tettienus Lanatus, yu hai, ndiye yule aliyesimama karibu na chemchemi, na kuanzia leo mtakapomwita aitike kwa jina hilo.